Msomaji na Mzee wa Nyuma ya Jiko

Jumapili ya kwanza baada ya Lea kuondoka, wanawake sita walifika nyumbani kwa mama mkwe wake, Tupokigwe, baada ya ibada kama walivyozoea kila mwezi. Waliingia jikoni wakakaa, kila mmoja mahali pake. Moto ulikuwa unawaka. Mmoja aliuliza habari za viazi, akajibiwa kwamba viazi vipo. Mwingine aliuliza kama kuna aliyesikia hadithi ya gazetini imefikia wapi, kama Kito ametoka mlimani au amebaki humo. Walikaa mpaka kivuli cha kilima kikafika uani, wakaagana. Mwezi uliofuata hawakuja.

Lea hakuwa mtu wa huko kilimani. Alizaliwa Kilolo, upande wa Iringa, kwa mkulima wa Kilutheri aliyewapeleka watoto wake wote shule, wasichana kwa wavulana, jambo ambalo majirani walilihesabu kuwa majivuno. Kaka yake Timotheo akawa mwalimu. Lea aliishia darasa la sita. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito inayofika mbali bila kupandishwa, na kanisani walimpanga nyuma kwa sababu akiimba mbele wengine hawasikiki.

Isakwisa alimkuta huko. Alikuwa seremala kutoka Mbeya, ameajiriwa kuezeka kanisa, na miezi mitatu aliyokaa juu ya paa ilimtosha kumwona Lea akienda na kurudi kisimani. Walioana Juni 1953. Safari ya kwenda kwao Isakwisa ilikuwa siku mbili ndani ya lori, kisha kupanda kwa miguu kutoka Mbalizi hadi kilimani, ambako baba yake Isakwisa alikuwa amehamia kutoka upande wa Tukuyu akitafuta mahali pa kulima.

Kwao Lea, mke mgeni aliyelelewa vizuri hujulikana kwa jambo moja. Asubuhi ya kwanza huchota maji ya moto kwenye bakuli, akampelekea baba mkwe anawe mikono, akapiga magoti na kumsalimu. Mama yake alikuwa amemkumbusha hilo mara tatu kabla ya kuondoka. Basi asubuhi ya kwanza, baridi ikiwa kali na majani yamekuwa meupe kwa umande ulioganda, Lea alimwona mzee amekaa chini ya ukingo wa paa akinoa jembe. Akachukua bakuli lake, akavuka ua, akapiga magoti.

"Kamwene, Baba."

Mzee aliinua kichwa. Alimtazama kwa muda wa kupepesa jicho, akaiangusha tupa, akatimua mbio. Alipita katikati ya migomba kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akaacha nyuma kiatu kimoja cha tairi. Jikoni wanawake walipiga kelele. Lea akabaki amepiga magoti na bakuli linalotoa mvuke, akiamini ameolewa katika nyumba ya mwenda wazimu.

Mama mkwe, Tupokigwe, alikuja akamvuta mkono mpaka ndani.

"Umemwona uso?"

"Nimemwona."

"Wote?"

"Mama, uso una nusu?"

Atuganile, wifi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangua kicheko, na mama yake akamkazia macho mpaka kikafa.

Ndipo Lea alipoelezwa. Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawakai nyumba moja, hawapiti njia moja kwa wakati mmoja, hawasemezani, na mke halitaji jina la mzee hata akiwa peke yake shambani. Ni heshima, kubwa kuliko ya kupiga magoti. Na mwanamke anayeivunja, walisema wazee, tumbo lake hufunga.

"Mbona hukuniambia?" Lea alimwuliza mumewe.

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

"Kila mtu anajua," alisema Isakwisa. Hakuwa mtu mbaya. Ila hakuwahi kuishi mahali ambapo si kila mtu anajua.

Mzee aliitwa Yotamu. Tangu siku ile alifanya kila awezalo mkamwana wake asiteleze tena. Kabla ya kila kona alikohoa, mara mbili, kwa nguvu, ili Lea apate nafasi ya kuingia kwenye majani na kujifunika kichwa. Alikata njia mpya ya kwenda mtoni ili ile ya zamani iwe yake Lea peke yake. Watu wa kilimani waliliona hilo wakalisifu. Lakini hawakusahau lile bakuli, na miezi minane ilipopita bila dalili ya mtoto, walianza kulitaja.

Machi 1954 Isakwisa aliandikishwa kwenda migodini Kusini. Mkataba wa kwanza ulipoisha akasaini mwingine. Hakurudi kwa zaidi ya miaka mitatu. Alituma salamu, mablanketi, na mabati ya kuezekea nyumba ya wazazi wake, na kila barua iliuliza kama mama yake ameshapata mjukuu.

"Sasa huyu kaka yangu anataka wifi apate mimba kwa posta?" Atuganile alisema, barua moja iliposomwa.

"Wewe nyamaza," alisema Tupokigwe. "Walikaa miezi minane. Miezi minane si posta."

Lea aliikunja ile barua. Alijua alipo. Katika nyumba ile aliwekwa kama mtu anavyoweka chungu kilichopata ufa, hakitupwi, ila hakuna anayekitia maji.

*

Hadithi ilianza Januari 1955. Kulikuwa na gazeti la misheni lililotoka kila mwezi, lenye habari za shule, mahubiri, na mashauri ya kilimo, na katika ukurasa wake wa mwisho mtu asiyetaja jina lake alianza kuandika "Mji wa Ndani ya Mlima". Kijana Kito anamtafuta dada yake Tabu, aliyechukuliwa na mfalme asiye na kivuli. Mlima una lango linaloonekana siku ya ukungu tu. Ndani yake kuna mji ambao watu hawali chumvi, kwa sababu anayeila hukumbuka kwao.

Timotheo alilisoma gazeti Kilolo, kisha akampa dereva wa lori amfikishie dada yake Mbalizi. Pembeni ya hadithi aliandika mawazo yake kwa penseli. "Mfalme hana kivuli kwa sababu yeye mwenyewe ni kivuli cha mtu. T." "Tabu hataki kutoka, ndivyo nionavyo. T." Lea alimsomea Atuganile jikoni mara ya kwanza ili apate kucheka. Mwezi wa tatu jiko lilikuwa limejaa wanawake, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Lilikuwa jiko la mianzi, na mianzi haizuii sauti. Mwezi wa nne Lea alikuwa katikati ya kusoma aliposikia, nyuma ya ukuta, upande wa migomba, kikohozi. Mara mbili. Aliinuka ili akimbie, hakujua akimbilie wapi.

"Kaa," alisema Tupokigwe bila kugeuka. "Yuko nje, wewe uko ndani. Amekohoa ujue yupo. Soma."

Kumbe mzee alikuwa hapo tangu mwezi wa kwanza, ameketi kwenye kigoda chini ya mgomba. Ni vikohozi tu alivyokuwa akivibana.

Tangu siku hiyo Jumapili ya hadithi ilikuwa na watu wa pande mbili. Jikoni walikaa wanawake. Nje alikaa mzee. Lea alikaa akiupa mgongo ukuta, na bila mtu kumwambia alianza kusoma kwa sauti ya Kilolo, ile ya kumfanya mtu apangwe nyuma.

Wakimaliza kusoma, kazi ndipo ilipoanza. Desemba ile Kito alifika langoni akamkuta bawabu, mtu aliyefunikwa uso kwa gome la mti, asiyesema. Bawabu alipenyeza mkono kwenye ufa wa lango akampa kijana chembe za chumvi. Hadithi ikakatika hapo.

"Huyo ni Tabu," alisema Atuganile. "Dada mtu. Amegeuzwa bawabu."

"Tabu ana miaka kumi na sita," alisema Verediana, jirani, aliyekuwa Mkatoliki na hakumwogopa mtu yeyote jikoni mle. "Msomaji amesoma, mkono una mishipa kama mizizi."

"Kazi hutoa mishipa. Tazama wangu."

"Wako umetoa mishipa kwa kuvuta blanketi."

"Mwinjilisti Filemoni anasema bawabu ni Shetani," mmoja akasema.

"Ninyi Wamoravian kila asiyewasalimu ni Shetani. Shetani agawe chumvi?"

Nyuma ya ukuta kikasikika kikohozi, wakanyamaza.

"Mama Isakwisa. Mwulize msomaji, chumvi ilitolewa kwa mkono upi?"

"Mkamwana, anauliza mkono upi."

Lea alitazama gazeti. "Mwambie wa kushoto, Mama."

"Wa kushoto."

"Nimesikia."

"Kama umesikia mbona unanipitisha mimi? Nimekuwa waya wa simu?"

Walicheka jikoni, na nje pia alicheka mtu. Kisha mzee akatoa shauri lake, polepole, akimwambia mkewe ambaye hakuhitaji kulipokea. Bawabu, alisema, ni baba yake Kito. Mwanzoni kabisa, mwezi wa kwanza, imeandikwa kwamba baba alikuwa akishika shoka kwa mkono wa kushoto, na kwamba alipotea mlimani akifuata ng'ombe. Yumo humo miaka yote. Hawezi kusema wala kufunua uso kwa sababu ndiyo sheria ya mji. Akimwonyesha mwanawe uso, lango litafungwa, naye mtoto atabaki nje.

Lea alifungua sanduku lake akatoa gazeti la Januari. Ulikuwa mstari mmoja tu, ndani ya habari ya mvua. Baba alikuwa akishika shoka kwa kushoto. Yeye aliyesoma kwa macho hakuukumbuka. Timotheo, mwalimu, hakuukumbuka. Mzee asiyejua herufi aliusikia mara moja, kupitia mianzi, akaushika miezi kumi na moja.

"Mwambie," Lea alisema, "mwambie imeandikwa kweli."

Alimwandikia kaka yake. Gazeti lililofuata lilikuja na penseli pembeni: "Mwambie mzee wako amenishinda. Nimewasomea walimu wenzangu wote. T." Tupokigwe aliyapitisha maneno hayo nyuma ya ukuta. Asubuhi yake Lea alikuta mlangoni kiti kipya cha mvinje, chenye mgongo, urefu wake ukimfaa mtu mrefu. Hakuna aliyesema kimetoka wapi.

Ikawa hivyo kwa mwaka mzima. Kila mwezi wanawake waliuliza, bawabu amejulikana? Na kila mwezi mwandishi alimzungusha. Alifunua mlango wa mfalme, alifunua kisima cha Tabu, uso wa bawabu hakuufunua. Mzee aliendelea kukusanya ushahidi wake, huyu bawabu kainama hivi, huyu katembea hivi, na Tupokigwe aliendelea kuwa waya. Watu wawili waliopenda kitu kimoja kuliko wote kilimani hawakuwahi kuambiana neno. Kama kuna siku Lea alijisikia yuko nyumbani kwake katika nyumba ile, ilikuwa Jumapili moja katika kila nne.

*

Novemba 1956 mzee alianza kukohoa bila kona.

Mwanzoni Lea hakuelewa. Alisikia kikohozi, akaingia kwenye majani, akajifunika, akangoja. Hakupita mtu. Akatoka, akasikia tena, akarudi. Kuna siku alitumia asubuhi nzima akijificha na kutoka, maharage yakabaki hayajapaliwa, mpaka Atuganile akaja kumshika mkono.

"Wifi, inuka. Hapiti mtu. Ni kifua."

Dresa wa zahanati ya Mbeya alimsikiliza mapafu akatikisa kichwa. Mwezi wa pili wa ugonjwa mzee hakuweza kufika kwenye kigoda chake. Alilazwa katika nyumba mpya ya mabati, chumba cha upande wa mashariki, na Lea akakatazwa hata kufagia karibu na mlango.

Gazeti nalo halikuja. Mvua ya mwaka ule ilikata barabara, malori yakalala njiani, na Januari na Februari zikapita. Kila jioni mzee alimwuliza mkewe swali moja. Hakuulizia barua za Isakwisa. Aliuliza, "Limekuja?"

Lilikuja wiki ya pili ya Machi, mvua ikinyesha, likiwa limelowa kingo. Lea alilifungua jikoni, akasoma kwa macho mpaka mwisho wa hadithi, akalikunja. Bawabu alikuwa amefunuliwa uso.

"Naenda kumsomea," alisema.

"Nenda ukutani," alisema Tupokigwe. "Nje. Mimi nitakuwa ndani naye."

Alisimama chini ya ukingo wa paa, ukutani, mahali ambapo kitanda kilikuwa upande wa pili, akaanza kusoma. Lakini paa la zamani lilikuwa la nyasi, na mvua juu ya nyasi haina kishindo. Hili lilikuwa la mabati ya Isakwisa. Mvua ilipiga juu yake kama mawe yanayomwagwa kutoka kwenye lori. Lea alipandisha sauti, kisha akapiga kelele, ile sauti ya Kilolo iliyokuwa ikijaza kanisa, na ikaishia kwenye matofali.

"Hasikii," Tupokigwe alikuja mlangoni kusema. "Niambie mimi nikamwambie."

Wakajaribu hivyo. Lea alisoma sentensi mbili, mama mkwe akaingia nazo, akatoka. Ndani akasikika mzee akifoka kwa pumzi chache alizobakiwa nazo. "Kito alisema nini? Kwanza ngazi au kwanza lango? Mama Isakwisa, unaniharibia." Tupokigwe akatoka macho yamejaa maji. Alikuwa amemtunza miezi minne, na sasa alikuwa anagombezwa kwa ajili ya ngazi.

"Aitwe Filemoni amsomee yeye," alisema Lea.

"Ameitwa jana. Amesema mtu anayekufa husomewa Zaburi."

Walisimama wote wawili mlangoni. Kisha wakasikia kutoka ndani, kati ya vishindo vya mvua, sauti ndogo isiyo na hasira tena.

"Basi. Mwambie msomaji apumzike. Amelowa."

Lea aliweka gazeti chini ya kanga lisilowe zaidi.

"Usiingie," alisema Tupokigwe. Alimshika bega. "Mwanangu, nakuomba. Ulimwona mara moja, tumbo lako limejibu. Ukoo unangoja sababu tu. Mume wako akirudi nitawaambia nini?"

"Waambie nilikuwa nasoma," Lea akasema, akaingia.

Aliingia kinyumenyume, kanga imemfunika kichwa mpaka mabegani. Alifuata ukuta kwa mkono hadi akagusa mguu wa kitanda, akakaa sakafuni, mgongo wake kwa mzee, uso wake kwa matofali. Hakukohoa mtu. Akafungua gazeti akasoma tangu juu.

Alisoma vizuri. Kito alishuka ngazi, akasimama langoni, akasema hatavuka bila kumjua aliyempa chumvi. Bawabu akaondoa gome la mti usoni. Alikuwa mwizi wa zamani, aliyeiba chumvi ya mfalme na kuhukumiwa kulinda lango miaka mia. Hakuwa na ndugu. Alimpa kijana chumvi kwa kuwa alichoka kuwa nayo.

Alipomaliza, palikuwa na mvua tu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alisemeshwa.

"Soma tena hapo pa uso."

Alisoma tena.

"Na mkono wa kushoto?"

"Hajasema, Baba." Neno lilimtoka. Hakulirudisha.

"Hajasema."

"Hajautaja kabisa. Nimetafuta."

"Unaona?" Mzee alivuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Amekosea."

"Nani, Baba?"

"Aliyeandika. Amesahau alichoandika mwenyewe. Mtu gani akae mlangoni miaka yote hiyo, kama hana mtoto upande mwingine? Mwizi angekimbia."

Lea alitazama matofali. "Hata mimi nasema amekosea."

"Mwandikie kaka yako. Mwambie mzee hajakubali."

"Nitamwandikia."

"Basi inuka uende. Ngoja kwanza." Lea akasikia blanketi likivutwa. "Tayari. Pita."

Alipoinuka na kugeukia mlango, mzee alikuwa amejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni, ili mkamwana asipate hatia ya pili. Chini ya blanketi kifua kilipanda na kushuka. Lea hakuuona uso wake.

Lakini Verediana alikuwa uani na kibuyu cha uji, na alimwona Lea akitoka katika nyumba ile. Hakuwa na nia mbaya. Alimwambia mtu mmoja.

*

Yotamu alifariki siku ya tatu. Wakati wa msiba wanawake walilia kwa sauti, na katikati ya kulia walielezana. Uso aliuona mara ya kwanza, wakasema, tumbo likafunga. Mara ya pili mzee mwenyewe ameondoka. Aliyejaribu kusema kwamba mzee alikuwa anaumwa miezi minne alijibiwa kwamba watu wengi huumwa. Tupokigwe aliulizwa kama ni kweli mkamwana aliingia. Angeweza kukana. Alisema, "Aliingia. Alikuwa anasoma." Wakatazamana.

Jambo gumu kulielewa ni kwamba wanawake walewale waliendelea kuja. Gazeti la Aprili lilipofika walikuwa jikoni mapema, na Lea aliwasomea, kwa sauti ya chini sasa, isiyokuwa na wa kuifuata nje. Walitaka kujua Kito atafanyaje. Walimshukuru, wakatoka, na njiani wakaendelea kumsema.

Isakwisa alirudi Agosti, amekonda, na suruali mpya. Wazee wa ukoo walikuja kutoka Tukuyu wakakaa siku mbili. Walizungumza naye kwa upole. Walimwambia yeye bado kijana, na kwamba kuna binti wa rafiki wa marehemu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Usiku na mchana wa wiki tatu aliishi na mkewe bila kumgombeza hata mara moja, na Lea akajua kwa upole ule kwamba imekwisha.

Septemba alimbebea sanduku mwenyewe mpaka Mbalizi. Walisimama penye malori.

"Mimi sina neno na wewe," alisema. "Ni wazee."

"Wazee wako walikuwa chumbani?"

Isakwisa aliweka sanduku chini.

"Alikuwepo mzee mmoja," Lea alisema. "Huyo hakulalamika."

"Alisema nini?" Isakwisa aliuliza ghafla, na sauti yake ikawa ya mtoto aliyechelewa. "Baba. Alisema nini mwishoni? Mama anasema hakumwambia yeye."

Lea alimtazama. Alifikiri jinsi ya kumweleza kuhusu mkono wa kushoto, na chumvi, na mtu anayekaa mlangoni, yeye ambaye hakusikia hata ukurasa mmoja. Dereva alikuwa anapiga honi.

"Alisema hajakubali," akamwambia, akapanda.

Kilolo alikaa kwa Timotheo miezi saba. Alimweleza kaka yake maneno ya mzee kama alivyoahidi, na Timotheo aliyaandika kwa penseli kwenye lile gazeti la Machi. Alitaka kumsomea dada yake sura zilizobaki. Lea alikataa, akamwomba ampe kazi ya shambani. Wake wa walimu walimwonea huruma, na huruma ile ilimchosha zaidi ya kulima viazi, akaondoka.

Sasa Lea yuko Igowole. Anachuma chai, na anakaa peke yake katika kambi ya wachumaji, chumba cha pili kutoka bombani.